Programu ya hesabu inayozimika kwenye franka elfu moja

Depo ninayoiandikia hesabu hapa Kambove inauza unga wa mahindi na mafuta, kwa dola na kwa franka. Ripoti ya dola ilikuwa inafunguka bila shida. Tukigusa ya franka, dirisha linapotea, bila hata ujumbe wa kosa. "Papa, ilikufa tena," mwenye depo ananiambia. Kwake habari imekamilika. Mtengenezaji wa programu aliye Ulaya au Marekani hawezi kuifanyia chochote.

Programu yenyewe ni ya chanzo huria. Sitaitaja, maana kasoro imeshaondolewa, na njia ni ileile kwa nyingine. Amri nitazitolea mfano wa GnuCash, ambayo wengi mnaijua.

Anza kwa kutafuta kitu kidogo kabisa kinachoiangusha. Daftari la kazi usilitume kwa mtu yeyote, lina majina ya wateja na madeni yao. Fungua faili tupu, weka akaunti mbili (nilitumia 57 ya fedha taslimu na 70 ya mauzo, kwa mpangilio wa SYSCOHADA), ingiza muamala mmoja, kisha fungua ripoti. Sasa cheza na kiasi. Kwangu 999 ilipita, 1000 ikazima. Na dola 1000 nazo zilizima! Depo ya mtaani haiuzi unga wa dola elfu kwa mkupuo, ilhali franka huanza kuhesabiwa kwa maelfu. Ndiyo maana lawama zote zilikuwa zimeangukia franka.

Kati ya 999 na 1000 kuna jambo moja linaloongezeka kwenye skrini: alama ya kutenga maelfu. Nikaendesha programu kwa `LC_ALL=C`, haikuzima. Nikarudisha `LC_ALL=fr_FR.UTF-8`, ikazima palepale. Linux za siku hizi zikiwa kwa Kifaransa hutenga maelfu kwa nafasi nyembamba isiyokatika, U+202F, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu. Mkato wa Wamarekani ni baiti moja. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini wao hawakuwahi kuiona kasoro hii, na kwa nini ripoti isiyotaja lugha ya kompyuta ingejibiwa: kwangu inafanya kazi.

Halafu chukua ushahidi. Katika terminali andika `gdb gnucash`, kisha `run`, iangushe, kisha `bt full`. Utapata orodha ya kazi zilizokuwa zikiitana programu ilipokata roho. Ikijaa alama za kuuliza, sakinisha alama za utatuzi. Kwa Debian ni vifurushi vinavyoishia na `-dbgsym`, navyo vinakula megabaiti, kwa hiyo chukua cha programu yenyewe tu. GnuCash pia huacha kumbukumbu zake katika `/tmp/gnucash.trace`. Ujumbe ukitoka kwa Kifaransa, tanguliza `LANGUAGE=en`: maneno yatageuka Kiingereza, namba zibaki za Kifaransa, na kasoro ibaki mahali pake.

Kabla ya kuandika, tafuta kama kuna aliyekutangulia. GnuCash huziweka kasoro zake kwenye bugs.gnucash.org. Kichwa changu kilisema: ripoti huzima kiasi kikifika 1000 chini ya fr_FR.UTF-8. Chini yake nikaweka toleo la programu na la mfumo, hatua kwa mpangilio, nilichotarajia, kilichotokea, faili dogo na orodha ya gdb. Neno "wakati mwingine" lisionekane kabisa. Kama bado unalihitaji, hujamaliza kutafuta. Kiingereza changu ni cha sentensi fupi, na hakuna aliyelalamika.

Nilitaka pia kuirekebisha mwenyewe. `git clone --depth 1` hukuletea msimbo wa sasa bila historia yake yote, na kifurushi cha simu hupona. Umeme ukikatika katikati ya kujenga, `ninja` huendelea na yaliyobaki ukirudi. Kosa lilikuwa hili: msimbo ulichukua baiti ya kwanza ya kitenganishi kana kwamba ndiyo alama nzima. Maandishi yakavunjika, kazi ya kuyageuza ikarudisha kielekezi kitupu, na iliyofuata ikajaribu kusoma hapohapo.

Kishawishi ni kuongeza mstari wa kukagua utupu na kwenda kulala. Programu haitazima tena, lakini ripoti itatoka bila kiasi, na hesabu inayokosea kimyakimya naiogopa kuliko inayozima. Nikakibeba kitenganishi kama mfuatano mzima wa baiti. Pamoja nacho nikaandika jaribio linaloomba 1000 kwa Kifaransa, nikahakikisha linashindwa kwa msimbo wa zamani na kupita kwa mpya. Mtunzaji aliomba nilipe jaribio jina linaloeleweka, kisha akapokea.

Toleo jipya huchelewa kufika kwenye Linux tunazotumia. Wakati wa kusubiri, depo iliendesha programu kwa `LC_NUMERIC=C`, baada ya kuhakikisha `LC_ALL` haijawekwa, maana hiyo hufunika zote. Desimali zinageuka nukta badala ya mkato, kwa hiyo mwambie anayeingiza bei kabla hajaanza. Toleo likifika, jaribu tena lile faili dogo, kisha uondoe mpangilio huo.