Mahindi na Mbaazi Katika Shamba Moja

Msafiri apitaye Babati, katika Tanzania, huona mashamba ambamo mahindi na mbaazi vimesimama pamoja. Asiyejua kilimo aweza kudhani ya kuwa mwenye shamba amechanganya mbegu kwa uvivu. Sivyo. Amefanya hivyo kwa akili, na sababu zake ni hizi.

Kwanza, mimea hiyo miwili haigombani sana. Mahindi hukua upesi, lakini mbaazi hukua polepole miezi ya kwanza, kama mtoto angojaye zamu yake. Mahindi yakiisha kuvunwa, ndipo mbaazi hupata jua lote, zikatanua matawi na kutoa maua. Mizizi yake hushuka chini kuliko ile ya mahindi. Kwa hiyo mvua ikikatika mapema na mahindi yakanyauka, mbaazi huweza kupata unyevu ulio chini, na nyumba ile isikose chakula kabisa.

Pili, mbaazi huleta rutuba. Chimbua mche mmoja taratibu, nawe utaona vinundu vidogo katika mizizi yake. Ndani yake hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hewa ina naitrojeni nyingi, kama sehemu 78 katika kila 100, lakini mahindi hayawezi kuitwaa hewani. Vijidudu vile huitwaa na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Jambo hili lilithibitishwa na wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, kati ya mwaka 1886 na 1888. Lakini wakulima walikuwa wakichanganya nafaka na jamii ya kunde tangu zamani.

Hata hivyo, mbaazi haziyapi mahindi chakula hicho papo hapo. Sehemu kubwa huingia udongoni majani yakianguka na mizizi ikioza, na faida yake huonekana hasa msimu ufuatao. Basi mtu achomaye masalio ya shamba huchoma mbolea yake mwenyewe.

Tatu, chakula huwa bora. Katika gramu 100 za mahindi makavu, protini, yaani chakula kijengacho mwili, ni kama gramu 9 tu. Katika mbaazi ni 20 au zaidi. Ndiyo sababu makande hushibisha na kujenga mwili kuliko mahindi peke yake. Na ng'ombe vivyo hivyo: mabua makavu ni lishe dhaifu, lakini yakichanganywa na majani na maganda ya mbaazi huwa lishe nzuri. Miti yake hubaki kuwa kuni.

Lakini faida hii yote yaweza kupotea kwa siku moja. Mahindi yakiisha kuvunwa, mbaazi zingali shambani miezi miwili au mitatu. Mchungaji akilala chini ya mti na kuacha mifugo iingie, italiwa akiba ya nyumba nzima pamoja na mbolea ya mwaka ujao. Mabua na yakatwe, yapelekwe zizini.

MASWALI

1. Kwa nini mbaazi haziyasumbui sana mahindi?
2. Vinundu vya mizizi vina kazi gani?
3. Eka moja ya mahindi peke yake ikitoa magunia 10, na eka moja ya mbaazi peke yake magunia 4. Nayo eka moja ya mchanganyiko ikitoa mahindi magunia 8 na mbaazi magunia 2: mavuno hayo ya mchanganyiko yangehitaji eka ngapi kama mimea ingepandwa mbalimbali?