Stata Hupimwa Mezani Kwanza

Nani kati yetu hajawahi kushushwa kwenye matatu pale Emali, Wote ama Kitui mjini ili asukume? "Stata imekataa!" dereva anasema, tunasukuma, injini inashika, safari inaendelea. Sasa hebu fikirini ni ndege ndogo iliyotua Makindu kumchukua mgonjwa mahututi. Nani ataisukuma? Kuizungusha rafadha, yaani lile pangaboi la mbele, kwa mkono ni hatari tupu. Injini ikishika ghafla inaweza kumkata mtu.

Ndiyo maana stata ya ndege ikishafunguliwa na kuungwa tena, hupimwa mezani kabla ya kurudishwa kwenye injini. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, kama wale wa Uwanja wa Wilson, Nairobi, lakini kanuni zake hazitofautiani sana na za stata ya lori.

Kwanza stata hubanwa kwenye jiliwa, ambayo mafundi wetu wa jua kali huiita vaisi. Si mzaha, kwani ikipata umeme huruka kwa kishindo, na kama imelazwa tu itamwangukia mtu miguuni. Betri nayo iwe imejaa, tena ya volti zinazolingana na stata, 12 au 24. Waya wa chanya huenda kwenye skrubu nene, wa hasi kwenye mwili wa stata. Waya wa mwisho uungwe mbali na betri, maana betri hutoa haidrojeni na cheche moja yatosha kuilipua.

Hapa ndipo penye utamu. Fundi husoma ampea huku akisikiliza mlio, kisha hulinganisha na kitabu cha stata hiyo. Ampea nyingi na mzunguko wa polepole? Kuna kitu kinakwaruza ndani: bushi zimebana, shafti imepinda, au amecha ina shoti. Ampea chache na mzunguko wa polepole? Umeme unazuiwa njiani, pengine kaboni zimeisha au waya umelegea. Haizunguki na ampea hakuna kabisa? Njia imekatika. Haizunguki na ampea zimepanda juu sana? Kata umeme upesi!

Hata ikizunguka vizuri, sekunde chache zatosha. Katika stata nyingi koili za sumaku zimeungwa mfululizo na amecha, na mota ya aina hiyo ikikosa mzigo huzidi kuongeza kasi. Tena kuzunguka bure hakuonyeshi nguvu. Hiyo hupimwa kwa kuifunga breki.

Na ikizunguka kinyume je? Wengine watasema, "Badilisha waya za betri!" Wapi! Kwenye stata ya koili, sumaku na amecha zote hugeuka pamoja, kwa hiyo mwelekeo unabaki ule ule. Kosa liko ndani, kwenye kuunganisha, na itabidi ifunguliwe upya. Ni ile yenye sumaku za kudumu tu itakayogeuka.