PRESHA NA SUKARI: NDUGU WA TUMBO MOJA?

Huku kwetu Dunga, mtu akiambiwa ana presha, watu humshauri, "Wacha mawazo mengi." Akiambiwa ana sukari, huambiwa, "Wacha soda." Kila ugonjwa unapewa sababu yake. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba mara nyingi magonjwa haya mawili hutembea pamoja, na mojawapo ya vitu vinavyoyaunganisha ni insulini.

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Tukila ugali, wanga wake hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Insulini ndiyo hubisha hodi kwenye seli ili sukari ipokelewe na kutumika. Lakini mtu akinenepa, hasa tumboni, na akikaa bila kufanya kazi ya mwili, seli za misuli na ini huanza kuwa na masikio mazito. Kongosho nalo hutoa insulini zaidi na zaidi ili isikike. Hali hiyo huitwa ukinzani wa insulini. Yaweza kudumu miaka mingi kabla kipimo cha sukari hakijaonyesha kitu.

Sasa presha inaingiaje hapo? Kwanza, figo hazina uziwi huo. Zikifikiwa na insulini nyingi, huzuia chumvi isitoke kwa mkojo. Chumvi hushika maji, na damu huongezeka. Pili, insulini huchochea neva zinazofanya moyo upige haraka na mishipa ijikaze. Tatu, mishipa ambayo kwa kawaida hulegezwa na insulini sasa hailegei vizuri. Maji mengi katika mpira mwembamba, je, nguvu haitapanda? Mwaka 1988, Gerald Reaven, daktari wa Marekani, alieleza jinsi presha, sukari na mafuta mabaya ya damu yanavyokutana kwa mtu mmoja kwa sababu ya ukinzani huu.

Wengine watasema, "Presha ni ya ukoo wetu." Ni kweli ukoo una sehemu yake, lakini tusome historia ya ziwa letu. Mwaka 1929, daktari Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo, aliandika kwamba alipima Waafrika 1,000 na hakuona presha ikipanda uzeeni kama ilivyopanda kwa Wazungu. Mwaka 1990 ukachapishwa utafiti juu ya Waluo waliohama vijijini karibu na ziwa wakaenda Nairobi. Presha yao ilipanda miezi michache tu baada ya kufika kuliko ya wenzao waliobaki, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi ukilinganisha na potasiamu, ile madini ya mboga na matunda. Damu ilikuwa ile ile ya Waluo. Kilichobadilika ni maisha.

Na leo Nairobi imetufuata mpaka Dunga! Tunapanda boda boda kwa safari ya kutembea, tunakula chipsi, na ngege akiisha kukaangwa bado tunamwongezea chumvi mezani.

Si kila mwenye presha ana sukari, wala si kila presha inatokana na insulini. Lakini mwenye moja apimwe na nyingine. Dani yangu alikuwa na kijitabu cha kliniki ya presha kwa miaka mingi. Sukari ilipokuja kupimwa, ilikuwa imekwisha kumharibu macho. Sasa sisi wajukuu ndio tunamsomea barua zake.

Basi tufanye nini? Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai. Tule mnavu, sukuma wiki na maharagwe, na tutembee kwa miguu. Mtu akipata 140 kwa 90 au zaidi, hata kama hasikii maumivu, arudi apimwe tena, kwani presha haina kelele. Mwenye dawa asiache bila kumwuliza daktari. Na wewe msomaji, jioni hii waulize wazee wa nyumbani swali moja tu: "Mmepimwa presha; je, na sukari?" Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu.