Mizizi, Majani na Homoni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kunywa

Sokoni Kambove, mji wa Katanga hapa Kongo, kama ilivyo Likasi na Lubumbashi, meza ya dawa za miti haikosi wateja. Kuna mizizi iliyofungwa kwa kamba, maganda yaliyotwangwa, unga wa moringa katika vifuko vya plastiki, na siku hizi chupa za vidonge zenye picha ya jani bichi na maneno ya Kifaransa yanayoapa kwamba kila kilichomo ni cha asili. Muuzaji ana jibu la kila shida: hedhi inayoruka miezi, mimba isiyoshika, maziwa yasiyotoka, sukari, nguvu za kiume, joto linalomwamsha usiku mama aliyekoma hedhi. Yote hayo huyatia katika kapu moja. Homoni zimevurugika, atasema, na dawa hii inazisawazisha.

Si uongo mtupu, na si kweli tupu. Mimea michache inagusa homoni kweli, mingine haizigusi kabisa, na baadhi ya chupa zinazodaiwa kuwa na mimea zina kitu kingine ndani. Kaya inayotaka kulinda afya na fedha yake inahitaji kuyatofautisha makundi hayo matatu.

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kupita katika damu kwenda kuamuru kazi mahali pengine. Kongosho hutoa insulini inayoshughulikia sukari. Tezi ya shingo hutoa homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo na ukuaji wa ubongo wa mtoto. Tezi zilizokaa juu ya figo hutoa kotisoli, ovari hutoa estrojeni na projesteroni, korodani hutoa testosteroni. Kila moja ina ugonjwa wake na kipimo chake. Mama mwenye goita na mama mwenye kisukari wote wana tatizo la homoni, lakini dawa ya mmoja haimsaidii mwenziwe hata kidogo. Kwa hiyo anayeuza unga wa kusawazisha homoni zote hajasema anatibu nini.

Chai ya Kasai

Mfano mzuri kuliko yote wa mmea wenye nguvu ya homoni umetoka hapa hapa Kongo. Katika miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Lorents Gran, alikuwa akifanya kazi Luluabourg, mji wa Kasai unaoitwa leo Kananga. Aliona akina mama walioshikwa na uchungu wakinywa chai ya majani ya kimea kidogo kiitwacho kalata-kalata ili wajifungue upesi. Uchungu ulikuja, tena kwa nguvu. Gran alichukua mmea huo, ambao wataalamu wanauita Oldenlandia affinis, akaufanyia uchunguzi hadi akapata kiini chake: protini ndogo sana iliyopewa jina la kalata B1, kwa heshima ya jina walilolitumia akina mama.

Jambo lililowashangaza wanasayansi ni kwamba protini hiyo haikuharibika kwa kuchemshwa wala tumboni, ilhali protini nyingi huharibika. Jibu lilipatikana mwaka 1995 umbo lake lilipochorwa: asidi amino 29 zimeungana duara, hakuna mwanzo wala mwisho ambao vimeng'enya vya tumbo vingeanza kuung'ata. Mwaka 2013 watafiti wa Vienna, Austria, walionyesha kwamba ndugu yake, kalata B7, hushika mahali pale pale katika misuli ya mji wa mimba panaposhikwa na oksitosini, homoni ya uchungu wa uzazi. Bibi wa Kasai hakuwa akikisia. Chai yake ilifanya kazi.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Oksitosini ya hospitali huingizwa mwilini kwa kiasi kinachohesabiwa, mkunga akisikiliza moyo wa mtoto, na ikizidi husimamishwa mara moja. Bakuli la chai halina hesabu hiyo. Majani ya bonde hili hayana nguvu sawa na ya kilima kile, ya masika si sawa na ya kiangazi, na kilichokwisha kunywewa hakirudi. Mji wa mimba ukibana mfululizo bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na kwa mama aliyewahi kupasuliwa, kovu laweza kuachana na damu ikamwagika ndani. Mama akinywa chai nyumbani kisha akafika kituoni akanyamaza, mkunga anaweza kumwongezea oksitosini juu yake. Heri aseme. Hakuna mkunga mwenye busara atakayemgombeza kwa kusema ukweli, na akimgombeza, kosa ni la mkunga.

Kiazi, kondoo na soya

Hata vidonge vya kupanga uzazi vina asili ya mmea. Katika miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, alitumia viazi vikuu vya mwituni vya Meksiko kutengeneza projesteroni nyingi kwa bei nafuu, na mwaka 1944 akashiriki kuanzisha kampuni ya Syntex huko huko. Kazi hiyo ilifanywa maabarani, kwa kemikali na hatua kadhaa. Tumbo la binadamu haliwezi kuifanya. Kwa sababu hiyo, anayeuza krimu au unga wa kiazi cha mwituni kuwa una projesteroni anauza hadithi ya Marker bila maabara yake.

Upande wa estrojeni, fundisho lilikuja kupitia kondoo. Wafugaji wa Australia Magharibi katika miaka ya 1940 waliona majike wao hawashiki mimba. Ilibainika kwamba aina ya klova waliyokula malishoni ilikuwa na viini vinavyofanana na estrojeni. Soya nayo ina viini vya jamii hiyo, vinavyoitwa isoflavoni. Vinaingia katika sehemu ya estrojeni kama ufunguo wa mlango mwingine unaoingia tunduni lakini ukageuka nusu. Ndiyo maana vidonge vya isoflavoni huwapunguzia baadhi ya wanawake joto la ukomo wa hedhi, ila kidogo tu.

Hapa mtu asiogope uji wa mtoto. Kondoo wale walikula klova asubuhi hadi jioni, msimu mzima. Unga wa soya unaochanganywa na mahindi kumjenga mtoto ni chakula kizuri. Kidonge kilichokamuliwa kikabaki isoflavoni tupu ni habari nyingine, na mama aliyewahi kuwa na saratani ya matiti asikiguse kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kwa wanaume hadithi ni fupi zaidi. Mzizi wa Mondia whitei, unaoitwa kimbiolongo Kinshasa, mulondo Uganda na mukombero magharibi mwa Kenya, hutafunwa kwa ajili ya nguvu. Watafiti wa Kameruni waliowapa panya mzizi huo waliona testosteroni yao ikipanda. Panya si mume wa mtu, na nguvu zinazopungua mara nyingi ni dalili ya kisukari au shinikizo la damu vilivyojificha, magonjwa ambayo mzizi hauyaponyi.

Kisicho mmea ndani ya chupa

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Marekani lilichapisha hesabu ya bidhaa za lishe ambazo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilikuta zimetiwa dawa kwa siri kati ya 2007 na 2016. Zilikuwa 776. Nyingi zilikuwa za nguvu za kiume na za kupunguza unene, na zile za kiume mara kwa mara zilikuwa na sildenafili, dawa inayoweza kumwangusha mgonjwa wa moyo anayetumia naitreti. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye maabara kila upande, chupa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe ya kuisha, iliyosafiri mipaka mitatu kabla ya kufika Kambove, haistahili kuaminiwa kwa sababu tu ina picha ya jani.

Kongo tuna yetu. Kupenda mwili mnene kumejenga soko la vidonge vya hamu ya kula, na mwaka 2016 watafiti wa Kinshasa walichapisha uchunguzi juu ya siproheptadini, dawa ya mzio inayotumiwa bila cheti cha daktari ili mtu anenepe. Mara nyingi huenda sambamba na deksamethasoni. Hii ya pili ni homoni kamili: inafanana na kotisoli lakini ina nguvu mara nyingi zaidi. Uso huvimba ukawa duara, mashavu yakajaa, sukari na shinikizo la damu vikapanda, mifupa ikapungua uimara. Majirani husifu kwamba fulani amependeza. Huku ndani, tezi za juu ya figo zikiona kotisoli imejaa kutoka nje huacha kuitengeneza. Mtumiaji akiacha ghafla baada ya miezi mingi hubaki hana hata kidogo. Hutapika, hulegea, shinikizo hushuka, na malaria ya kawaida yaweza kumuua. Aliyetumia kwa muda mrefu asiache siku moja. Aende kwa daktari apunguziwe taratibu.

Unga unaonenepesha ndani ya wiki mbili, basi, ushukiwe. Hakuna jani linalofanya hivyo.

Sukari na kikombe cha Babu

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimechunguza mimea inayotumiwa na watu wa mji huo dhidi ya kisukari, na baadhi yake imeshusha sukari katika wanyama wa maabara. Ni kazi ya maana na inastahili kuendelea. Lakini kushusha sukari ya mnyama ni mbali na kumweka hai mtoto ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa. Mtoto huyo akikatiwa sindano, siku chache zinatosha kumfikisha pabaya.

Afrika Mashariki ilijionea hatari hiyo mwaka 2011 huko Samunge, Loliondo, Tanzania, maelfu ya watu walipopanga foleni ya magari kwa kilomita nyingi ili wanywe kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, kwa shilingi 500. Kinywaji kilitokana na mti wa mugariga, na kilisemwa kuponya kisukari, ukimwi na magonjwa mengine sugu. Miongoni mwa wanywaji walikuwamo walioweka kando dawa zao. Hatari kubwa ya kikombe kile haikuwa ndani ya kikombe.

Na kinyume chake kipo. Mmea unaoshusha sukari kweli, kama uwatu, ukiongezwa juu ya insulini au vidonge, unaweza kuishusha mno hadi mtu akatetemeka, akatoka jasho baridi, akazimia.

Vumbi la shaba

Kambove ina jambo ambalo miji isiyo na migodi haina. Shaba imechimbwa hapa kiviwanda tangu mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za Union Minière, na pamoja na shaba hutoka kobalti. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa Lubumbashi na wenzake walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa eneo la migodi la Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi kupita iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Uchunguzi uliofuata, wa 2014, ulionyesha njia: kwa mtu mzima ni chakula, hasa nafaka na mboga zilizolimwa humu humu, kwa mtoto, vumbi pia.

Kobalti na homoni zinafahamiana tangu zamani. Katika miaka ya 1950 madaktari waliwapa watoto wenye upungufu wa damu dawa ya kobalti, na baadhi yao wakaota goita, kwa sababu madini hayo huizuia tezi ya shingo kutumia aidini. Ongeza hapo muhogo. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, madaktari wa Kibelgiji na Wakongo waliokuta goita imejaa vijijini walibaini kwamba sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri hugeuka mwilini kuwa thiosayanati, nayo hupigania nafasi na aidini. Pale ambapo aidini ilikuwa haba, shingo zilivimba na watoto wakazaliwa na akili zilizodumaa.

Kaya ya Kambove inayokula bukari ya muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo, na kukaa karibu na mgodi, ina sababu mbili za kuitunza tezi hiyo, na dawa yake si chupa ya sokoni. Ni chumvi yenye aidini, iliyofunikwa vizuri, mbali na jua na mvuke, ikitiwa chunguni mwishoni. Ni muhogo uliolowekwa siku tatu kabla ya kuanikwa, na sombe iliyotwangwa laini ikachemshwa hadi ikaiva kweli.

Dawa za miti nazo zinazua swali ambalo wateja hawaliulizi: zimechumwa wapi? Wataalamu wenyewe waliwahi kudanganywa na vumbi. Kwa miaka mingi baadhi ya mimea ya vilima vya shaba vya Katanga ilisifiwa kuwa inabeba madini kwa kiwango cha ajabu, hadi uchunguzi wa 2007 ulipoonyesha kwamba sehemu ya madini hayo ilikuwa juu ya majani yasiyooshwa sawasawa. Jani lililoanikwa kando ya barabara ya malori, kisha likasagwa pamoja na vumbi lake, hunywewa pamoja na vumbi hilo. Majani yachumwe mbali na mgodi, machimbo ya zamani na mito inayopokea maji yake, yaoshwe kwa maji safi mara kadhaa, yaanikwe juu ya kichanja ndani ya kivuli. Kuosha huondoa vumbi la juu tu. Madini yaliyopanda kupitia mizizi hubaki ndani.

Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye kisukari, shinikizo la damu au goita, na anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya ukimwi, asianze mzizi wala kidonge chochote cha mimea kabla ya kuuliza kituo cha afya. Na siku ya kwenda asieleze kwa mdomo tu: abebe chupa, kifuko au mzizi wenyewe, pamoja na dawa zake nyingine zote, aviweke mezani mbele ya muuguzi.