Mbegu Iliyotiwa Dawa si Chakula

Mahindi ya mbegu yanayouzwa dukani hutiwa dawa ya wadudu na ukungu, kisha hutiwa rangi ili kila mtu ayatambue. Kupanda kukiisha, pengine hubaki kiasi mfukoni. Mwenye njaa aweza kusema, "Nitayaosha, rangi ikitoka nitayasaga." Asifanye hivyo.

Mwishoni mwa mwaka 1971 wakulima wa Iraki waligawiwa ngano na shayiri za mbegu zilizotiwa dawa yenye zebaki. Wengi walizipata wakati wa kupanda umekwisha pita. Maonyo ya magunia yaliandikwa kwa lugha za kigeni. Watu waliziosha, rangi ikatoka, sumu ikabaki. Walipika mikate, wakala, wasione dhara kwa majuma kadhaa. Kisha mikono na miguu ikafa ganzi, wakayumba, wengine wakapofuka. Hospitali zilipokea wagonjwa 6,530, na 459 kati yao walikufa.

Dawa za mbegu za siku hizi si zile za zebaki, lakini nazo ni sumu. Basi, mkulima, shika haya:

1. Nunua mbegu ya kutosha shamba lako tu.
2. Inayobaki iache katika mfuko wake, mbali na chakula na watoto.
3. Usiwape kuku wala ng'ombe.
4. Mfuko mtupu usiutie unga wala maharagwe.
5. Ukiisha kupanda, nawa mikono kwa sabuni.

Mtu akiila, mpelekeni hospitali mara moja, msingoje augue. Chukueni na mfuko, daktari aijue dawa.