Mzee Akiambiwa Ana Kansa ya Tezi Dume

Somo la mwezi huu lawahusu akina baba, lakini akina mama walisome pia. Mara nyingi ndio wa kwanza kutambua kwamba mzee huamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, naye hasemi neno.

Tezi dume ipo chini ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Kwa wazee wengi tezi hii hukua tu, na huko kukua si kansa. Kipimo cha damu kiitwacho PSA chaweza kutia shaka, lakini kwa kawaida kansa huthibitishwa kwa kuchukua vinyama vidogo ndani ya tezi na kuvipima. Basi mwenye karatasi ya PSA peke yake tusimlilie kabla ya wakati.

Sasa tuseme majibu ya vinyama yamekuja, na daktari ametamka neno lenyewe. Wengi huanza kuhesabu siku. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliambiwa ana kansa hii mwaka 1997, akiwa mwenyekiti wa Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Afrika Kusini. Akatibiwa, akaendelea na kazi, akafariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Rais Jakaya Kikwete alipasuliwa huko Baltimore, Marekani, Novemba 2014, na aliporudi aliwaambia wananchi wazi ugonjwa wake. Si wote watakaopata miaka mingi hivyo, maana wengi wetu hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuingia mifupani. Hata hivyo, mara nyingi kansa hii huenda polepole, na kuna nafasi ya kuuliza na kujitayarisha. Ila miguu ikilegea ghafula, au mkojo ukiziba kabisa, hapo hakuna kungoja: ni hospitali siku ile ile.

Usiende kwa daktari peke yako, kwa kuwa aliyeshtuka hasikii vizuri. Mkeo au mwanao aandike majibu. Uliza: je, kansa ingali ndani ya tezi au imetoka? Namba ya Gleason ni ngapi? Sita ni ya upole. Nane hadi kumi ni kali. Kwa hayo daktari hushauri ama kuiangalia tu kwa vipimo, ama kupasua, ama mionzi, ama kupunguza homoni za kiume.

Hilo la mwisho ndilo huwakimbiza wazee. Kansa hii hustawi kwa homoni itokayo hasa katika korodani. Yaweza kupunguzwa kwa sindano, ambazo hurudiwa na gharama yake huendelea, au kwa kuondoa korodani mara moja. Njia zote mbili hupunguza hamu ya tendo la ndoa, na huleta joto la ghafula mwilini. Upasuaji wa tezi na mionzi pia vyaweza kudhoofisha nguvu za kiume, na baada ya kupasuliwa mkojo huweza kuvuja kwa miezi kadhaa. Yaulizwe haya mapema, mke akiwapo. Mtu ana haki ya kukataa, lakini kukataa kwa aibu bila kuelewa ni jambo lingine. Na anayeambiwa aache hospitali akae katika maombi tu, asome habari za Hezekia katika 2 Wafalme 20: mfalme aliomba kwa machozi, na Isaya akaagiza dawa ya tini.

Kabla ya kupasuliwa, mweleze daktari dawa zote unazotumia, hata aspirini na miti shamba. Acha sigara. Jizoeze kila siku kukaza misuli ile izuiayo mkojo na kuilegeza, husaidia baadaye. Mionzi huchukua majuma kadhaa, hivyo mtu wa mkoani anayetumwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, atafute mapema pa kulala, na wa kumtazamia ng'ombe nyumbani.

Karatasi zote ziwekwe katika bahasha moja. Wana na ndugu wa kiume nao waambiwe, maana hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine. Wakifika miaka 40 hivi wamweleze daktari.