Mafunzo Niliyopata kwa Kifundo Kilichozoea Kuteguka

Nakuru haimfichi mwenye kifundo kibovu. Njia ya kupanda Menengai kutoka Milimani imejaa changarawe za volkano, na wakati wa kushuka kila kijiwe kinatafuta mguu dhaifu. Wangu ulipatikana mara nyingi. Haya ndiyo niliyojifunza hadi ukatulia.

1. Maumivu yakiisha, kazi ndiyo inaanza. Kano za upande wa nje wa kifundo zikivutika, huumia pia vihisio vinavyoarifu ubongo mguu umekaaje. Uvimbe unashuka, nawe unarudi mazoezini, lakini misuli inachelewa kushtuka mguu unapoanza kupinduka. Daktari Mwingereza Michael Freeman na wenzake waliandika kuhusu jambo hili mwaka wa 1965, wakapendekeza mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba. Sisi bado tunaambiana, "Pumzika, kitapona." Hata Gabe Mirkin, daktari Mmarekani aliyeeneza ushauri wa mapumziko na barafu mwaka wa 1978, baadaye aliandika kwamba vyote viwili vyaweza kuchelewesha kupona.

2. Usikandwe kabla ya kuchunguzwa. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka wa 1992 kanuni inayotumika hadi leo: ukishindwa kupiga hatua nne, au mfupa wenyewe wa kifundo ukiuma ukibonyezwa nyuma au kwenye ncha, piga eksirei. Mkandaji hodari hawezi kuona ufa kwa vidole.

3. Vifaa vyote viko nyumbani. Mimi nilianza kwa kusimama mguu mmoja nikipiga mswaki. Hilo likiwa rahisi, fumba macho, ukuta ukiwa karibu. Macho yakifungwa, mguu unalazimika kujitafutia habari wenyewe. Kisha simama juu ya mto wa kochi.

Nguvu nazo zinahitaji zamu yao. Inua visigino ukiwa ukingoni mwa ngazi, halafu shuka polepole, maana kushuka ndiko kunakojenga. Kwa misuli ya upande wa nje, ile inayouokoa mguu unapopinduka, nilitumia mpira wa tyubu ya baiskeli, kama ule ambao watu wa boda hufungia mizigo. Ufunge kwenye mguu wa meza nzito, uvishe unyayo, uvute kuelekea nje bila kuzungusha goti. Mpira wa dukani ni mzuri, lakini huu unafanya kazi ileile.

Zoezi la mwisho ni kuruka na kutua kwa mguu mmoja, kisha kutulia tuli. Wengi huacha kabla ya kulifikia, kwa sababu hawaumwi tena. Kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kuliko yote, maana mguu hautegukii kwenye kochi, unategukia kwenye kutua.

4. Pima mguu mmoja kwa mwingine. Sogelea ukuta, goti liuguse huku kisigino kikibaki chini. Mguu ulioteguka ukikwama mapema kuliko mwenzake, bado haukunjiki vizuri.

5. Tepu ni msaidizi. Ukienda kutazama raga ya Prinsloo Sevens pale klabu ya Nakuru Athletic, utaona vifundo vimefungwa. Tepu na soksi ya kubana hupunguza mteguko wa kurudia, hasa kwa aliyewahi kuteguka. Ila anayevivaa na kuacha mazoezi anakodisha uimara, hajajenga wake.

6. Rudi njiani hatua kwa hatua: kwanza lami, kisha nyasi, kisha murramu, mwisho mteremko wa Menengai. Msimu wa mvua ndefu, matope ya Molo na Njoro yapishe kabisa. Huko hata kifundo kizima hakijiamini.

7. Usiharakishe. Mazoezi ya namna hii huhesabiwa kwa wiki 6 au zaidi, siku kadhaa kila wiki, na baada ya hapo sehemu yake ndogo hubaki maishani. Mimi hadi leo bado nasimama mguu mmoja nikipiga mswaki, watoto wanacheka.

Kama kifundo chako kimeteguka zaidi ya mara moja, au kinalegea ukitembea mahali palipo sawa, mwone mtaalamu wa fiziotherapia kabla hujaenda kununua viatu vingine.